Kipimo kilikuwa cha kifafa, ripoti ikaja na BRCA2: tumwambie nani, na kwa utaratibu gani?

#1 Kliniki_ya_Watoto

Wadau salaam. Naleta hoja hii tuichambue bila kuremba.

Chukulia mtoto wa miaka minne mwenye kifafa kilichokataa dawa mbili, na amechelewa kuongea. Eksomu yake (sehemu ya vinasaba yenye maelekezo ya kutengeneza protini) inasomwa pamoja na ya baba na mama. Ukurasa wa kwanza wa ripoti unajibu swali la kifafa, au unashindwa kulijibu. Ukurasa wa mwisho unasema: BRCA2 (jeni ya hatari ya saratani ya titi na vifuko vya mayai), badiliko linaloikata protini kabla haijakamilika, daraja la "linaleta ugonjwa", limerithiwa kwa baba. Habari za saratani hakuna aliyeziuliza.

Msimamo wangu: tukishaona, tuseme. Kulifungia jambo hili kwenye faili la mtoto ni kumnyima baba na dada zake nafasi ya kujikinga. Ila fomu ya ridhaa yenye mstari mmoja wa "nakubali kupimwa vinasaba" haitubebi hapo. Nani aambiwe kwanza? Nini kithibitishwe kabla ya kufungua mdomo? Na yapi yawe yamezungumzwa kabla sindano haijagusa mshipa?

#2 Mnasihi_Ukoo

Mkuu, tutenganishe mambo mawili kwanza. Kuna linalokutwa bila kutafutwa, mchambuzi akiwa anahangaika na kifafa chake. Na kuna linalotafutwa kwa makusudi, kwa kupitia orodha ya jeni ambazo hazihusiani na kilichomleta mtoto. BRCA2 kwenye kipimo cha kifafa ni la kundi la pili. Kuna mtu aliamua kwenda kulitazama.

Orodha inayofuatwa zaidi ni ya Chuo cha Marekani cha Jenetiki ya Tiba, kwa kifupi ACMG. Ilipotoka 2013 ilikuwa na jeni 56, na maabara zilitakiwa kuripoti bila kumuuliza mgonjwa, awe mtu mzima au mtoto. Ubishi ukawa mkali. 2014 wakaweka haki ya kukataa, na kukataa huko kufanyike sampuli inapotolewa, si ripoti ikisharudi. Sasa hivi ina jeni 73.

#3 MsomaVCF

Dada Mnasihi, 73 ni ya 2021. Mtiririko ni huu: 56 mwaka 2013, kisha 59 (wakaongeza nne, wakaitoa MYLK), 73 mwaka 2021, 78 mwaka 2022, 81 mwaka 2023 zilipoingia CALM1, CALM2 na CALM3, na 84 mwaka 2025. Anayetumia orodha aandike toleo kwenye ripoti yenyewe. "Hakuna kilichopatikana" ya 2021 si sawa na ya 2025.

Halafu @Kliniki_ya_Watoto, hilo neno "tukishaona" linahitaji kuangaliwa. Jenomu ya mtu mmoja, yaani vinasaba vyake vyote, ina tofauti milioni 4 hadi 5 ukiilinganisha na jenomu rejea, na ya Mwafrika huwa upande wa juu. Hakuna anayezitazama zote. Programu inachuja kwa orodha ya jeni za kifafa, na mchambuzi anafungua makumi machache tu. BRCA2 haimo kwenye orodha ya kifafa, kwa hiyo haiji yenyewe kwenye kioo. TSC1 na TSC2 ndizo zimo kote kuwili, kwa kifafa na kwa ACMG.

#4 Pingamizi

Basi jibu tumeshalipata: msifungue. Chama cha Ulaya cha Jenetiki ya Binadamu kilishauri tangu 2013 kwamba uchambuzi ulenge swali la kitabibu, ili yasiyoulizwa yasijitokeze bila sababu. Wakanada nao walikataa kuyatafuta kwa makusudi. Uingereza, kwenye mradi wao wa jenomu laki moja, waliyafanya ya hiari: mtu anaulizwa, anachagua mwenyewe.

Nchi ambayo mama anasubiri miezi kupata kipimo cha titi lenye uvimbe unaoshikika kwa mkono haina sababu ya kwenda kutafuta uvimbe ambao haujaota.

#5 Onko_Mashariki

@Pingamizi, hoja yako ya foleni naielewa, lakini tuseme ukweli kuhusu BRCA2. Kwa wanawake wa koo zilizofuatiliwa, hatari ya saratani ya titi hadi umri wa miaka 80 ilikaribia asilimia 70, na ya vifuko vya mayai ilikuwa kama asilimia 17. Kwa baba huyu kuna tezi dume, kongosho, na titi pia, maana mwanamume naye ana titi.

Kwa mtoto wa miaka minne hakuna cha kufanya leo. Ufuatiliaji wa titi kwa MRI huanza kwenye miaka 25, mamografia kwenye 30, na kuondoa vifuko vya mayai kwa BRCA2 huzungumzwa kati ya 40 na 45, uzazi ukishakamilika. Kwa hiyo taarifa hii ni ya baba, shangazi na bibi. Shangazi wa miaka 42 ndiye mwenye haraka.

Tahadhari: takwimu hizo zimetoka kwenye koo zilizokuja kliniki kwa sababu tayari zilikuwa na wagonjwa wengi. Ukilikuta badiliko kwa mtu ambaye ukoo wake hauna historia, hatari huwa chini kidogo. Usimsomee asilimia 70 kana kwamba ni hukumu.

#6 Mnasihi_Ukoo

Asante kwa marekebisho, MsomaVCF.

Kutokana na #5, mpangilio uwe hivi. Daktari wa mtoto anamweleza baba kwamba kuna taarifa inayomhusu yeye mwenyewe, nje ya kifafa, na anamkumbusha alichochagua kwenye ridhaa. Akitaka kuijua, anafunguliwa faili lake na sampuli mpya inatolewa kwa jina lake. Hapo baba anakuwa mgonjwa, na siri ni yake. Msimweleze shangazi kabla ya baba. Mpeni baba barua ambayo haitaji jina la mtoto wala ugonjwa wake, inayotaja jeni, badiliko kwa maandishi kamili (jina la nakala rejea, nafasi, herufi zilizobadilika) na anwani ya kliniki. Shangazi akienda nayo popote, maabara inapima nafasi hiyo moja tu, kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na eksomu nzima.

Anayeandika "BRCA2 chanya" bila nafasi kamili anamlazimisha shangazi kuanza upya.

#7 MaabaraUsiku

Kabla hamjafika kwenye barua, kuna hatua inarukwa hapa: uthibitisho. Usimwambie mtu yeyote matokeo ya kando kwa kutegemea usomaji mmoja. Sampuli ya pili, mchomo wa pili, siku nyingine, kisha Sanger (njia ya kusoma kipande kimoja tu cha DNA) kwenye nafasi ileile. Sababu ya kwanza ni mirija kubadilishana. Kosa hilo hutokea kwenye kuweka lebo kuliko kwenye mashine.

Sababu ya pili ni jeni zenyewe. PMS2, ya saratani ya utumbo mpana, ina nakala bandia iitwayo PMS2CL inayofanana nayo mno upande wa mwisho, kuanzia eksoni (kipande cha jeni chenye maelekezo) ya 11 hadi 15. Vipande vifupi vya herufi 150 havijui vikae wapi, vinabandikwa kokote. Unaweza kuripoti badiliko lililo kwenye nakala bandia, au ukalikosa lililo kwenye jeni halisi. Hapo Sanger ya kawaida nayo inadanganyika, kwa sababu vianzishi vyake, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoonesha usomaji uanzie wapi, vinashika kote kuwili. Inatakiwa PCR (kunakili DNA kwa wingi) ndefu inayoanzia mahali ambapo jeni na nakala bandia zinatofautiana, ndipo usome ndani yake.

#8 MsomaVCF

Nakazia, na naongeza TP53, jeni inayozuia saratani. Badiliko la kurithi kutoka kwa mzazi mmoja huonekana kwenye karibu nusu ya vipande vilivyosomwa. Ukisoma kwa kina cha 30, yaani kila nafasi mara 30, kupata 10 kati ya 30 bado ni kawaida. Kupata 5 kati ya 30 hakukubaliki kirahisi. Kwa mtu mzima, TP53 ya asilimia 15 kwenye damu mara nyingi ni chembe za damu zilizobadilika ukubwani na kuzaana, au athari ya tiba ya saratani aliyowahi kupata. Hakurithi, wala watoto wake hawako hatarini.

Mate hayatasaidia kutofautisha, yamejaa chembe nyeupe za damu hizohizo. Chukua kipande kidogo cha ngozi, otesha seli, upime hizo. Ukiruka hatua hii unampa mtu ugonjwa wa Li-Fraumeni (hatari ya kurithi ya saratani za aina nyingi) asio nao, na kila mwaka anapigwa MRI ya mwili mzima bure.

#9 Pingamizi

Kumbe basi gharama ya "tuseme" ni sampuli ya pili, PCR maalumu, kuotesha ngozi na mnasihi wa kukaa na familia. Nani analipa? Bima ikilipia kipimo cha kifafa haina wajibu wa kulipia BRCA2 ya baba.

#10 Mapigo_Sitini

Habari zenu. Mmezama kwenye saratani, wakati sehemu kubwa ya ile orodha ni moyo. Na kwenye moyo ndiko Waafrika walikoumizwa na uainishaji mbovu.

2016 ulichapishwa Marekani uchambuzi wa watu walioambiwa wana badiliko linaloleta unene wa misuli ya moyo. Mabadiliko kadhaa yaliyokuwa yameitwa ya hatari, kama TNNI3 P82S na MYBPC3 G278E, yalikutwa ni ya kawaida kwa watu weusi wenye afya. Yaliitwa ya hatari kwa sababu kundi la kulinganishia lilikuwa dogo na karibu halikuwa na weusi. Walioathirika ni wagonjwa na ndugu zao: huyu anaambiwa anao ugonjwa, yule anaambiwa yuko salama kwa sababu hana badiliko ambalo halikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo kabla ya baba kuitwa, swali langu la kwanza ni hili: badiliko hilo limelinganishwa na watu gani?

#11 Pingamizi

Hapo ndipo nilipo. Orodha ni ya kwao, kanzidata ni za kwao, tiba ni za kwao.

#12 MsomaVCF

Si kweli kabisa, @Pingamizi. Kanuni za 2015 za kuainisha zina ngao. Badiliko likizidi asilimia 5 katika kundi lolote kubwa la watu, linaitwa lisilo na madhara moja kwa moja, hata kama vitabu vya zamani viliandika vinginevyo. Shida ni kwamba kundi linaloitwa "la Kiafrika" kwenye kanzidata kubwa limejaa Wamarekani weusi, ambao asili yao kubwa ni Afrika Magharibi. Msukuma, Mluo, Msomali na Mmakonde hawamo kwa idadi inayotosha kusema lolote.

Kazi ya H3Africa (mradi wa utafiti wa vinasaba barani Afrika) iliyochapishwa 2020 ilisoma jenomu nzima za watu 426 wa makundi 50 ya lugha na makabila, na wakapata zaidi ya mabadiliko milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Watu 426 tu!

Hatari yake inakuja kwa mlango wa nyuma. Kuna alama inayotolewa kwa badiliko "lisiloonekana kwenye kanzidata", inaitwa PM2. Kwa mtu wa Mbeya, kutoonekana kunaweza kumaanisha kwamba hajapimwa mtu wa Mbeya. Ukiihesabu kama ushahidi wa uzito wa kati, unalisukuma badiliko la kawaida kuelekea "linaleta ugonjwa". Ushauri wa kikundi cha ClinGen (mradi wa kuainisha jeni na mabadiliko yake) tangu 2020 ni kuishusha iwe ushahidi mwepesi. Ninachoshauri kwa sampuli za huku: lisipande daraja kwa PM2. Lipande kwa jinsi linavyoivunja protini, kwa kufuatana na ugonjwa ndani ya ukoo, au kwa majaribio ya maabara yanayoaminika.

BRCA2 ya kwenye mfano wa #1 ina nguvu kwa sababu inaikata protini. Ingekuwa herufi moja imebadilisha asidi amino moja, ningekuwa upande wa Pingamizi.

#13 Usingizi_Salama

Nimesoma kote, naona tunapima faida kwa MRI na upasuaji peke yake. Tazameni RYR1, jeni ya misuli, imo kwenye orodha tangu 2013. Mwenye badiliko la hatari akipewa nusukaputi ya halothane au isoflurane, au suxamethonium, misuli inaweza kukakamaa, joto likapaa, potasiamu ikapanda, akafa mezani. Na halothane imetumika miaka mingi kwenye vyumba vya upasuaji Afrika Mashariki.

Kinga yake haina gharama: kadi mfukoni na maandishi mekundu juu ya faili. Siku ya upasuaji tumia ganzi ya mgongo, au propofol au ketamine, na dawa za kulegeza misuli zisizo suxamethonium. Mashine ondoa vikombe vya mvuke, badilisha mipira na chokaa inayonyonya hewa chafu, pitisha oksijeni lita 10 kwa dakika. Mashine za zamani zinasafika kwa kama dakika 20. Za kisasa zinahitaji zaidi, fuata kitabu cha mtengenezaji.

Usipojua mapema, unabaki na dantrolene, dawa ya kutibu hali hiyo ikishaanza. Dozi ya kwanza ni miligramu 2.5 kwa kilo. Mtu wa kilo 70 anahitaji 175, chupa ya kawaida ina 20, kwa hiyo chupa tisa, kila moja inakorogwa kwa mililita 60 za maji. Hiyo ni dozi moja tu. Hospitali ngapi za mkoa zina hata chupa tatu?

Kasoro ya RYR1: ni jeni ndefu, imejaa mabadiliko yasiyojulikana maana yake. Ripoti yaliyothibitishwa peke yake.

#14 Mapigo_Sitini

Umenena, @Usingizi_Salama. Na kwangu ipo hivyohivyo. KCNQ1 na KCNH2, za QT ndefu (umeme wa moyo unachelewa kutulia baada ya kila pigo): ECG ya njia 12, propranolol, na orodha ya dawa za kuepuka. SCN5A, ile inayoleta Brugada, ugonjwa mwingine wa umeme wa moyo: homa yenyewe inaweza kuanzisha mapigo ya hatari. Kwetu homa ni jambo la kila msimu wa mvua. Mwambie mtu huyo ashushe homa mapema kwa paracetamol na afike kituoni, asisubiri.

Kwa mwenye QT ndefu akiugua malaria, epukeni kwinini na ile mseto yenye piperaquine. Mpeni ALu (artemether na lumefantrine).

#15 Dawa_na_Dozi

Dokta wa moyo, hapo kwenye ALu umekimbia kuliko mapigo sitini! Kijikaratasi cha ALu chenyewe kinatahadharisha kwa mwenye QT ndefu ya kuzaliwa, kwa ajili ya lumefantrine. Athari yake ni ndogo kuliko ya piperaquine, lakini ipo. Mtu kama huyo apimwe ECG kabla na wakati wa dozi, potasiamu na magnesiamu zirekebishwe akitapika au kuharisha, na daktari aamue akijua. Artesunate ya sindano haina sifa hiyo ya kurefusha QT. Ongezeni kwenye orodha ya dawa za kuepuka azithromycin na haloperidol.

Halafu hoja yangu kubwa. Orodha ya ACMG haina G6PD (jeni ambayo ikiwa na kasoro, dawa fulani huvunja chembe nyekundu za damu). Haina seli mundu. Haina APOL1 ya figo. HFE, ya madini ya chuma kuzidi mwilini, imo, lakini kinachoripotiwa ni C282Y ikitoka kwa wazazi wote wawili, badiliko la Wazungu wa kaskazini ambalo kwa Mwafrika wa huku karibu halipo. Kama tunaamua kutafuta, kwa nini tusitafute kinachotuua sisi? G6PD ikijulikana, dapsone na tafenoquine zinaepukwa. Primaquine ya dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kilo, WHO inaruhusu bila kipimo, kwa hiyo hiyo isiwatishe watu.

#16 Mnasihi_Ukoo

@Dawa_na_Dozi, vigezo vya orodha ile ni kwamba ugonjwa ni mzito, mtu anaweza kuwa nao bila kujua, na kuna hatua inayopunguza madhara. APOL1 inakwama kwenye hatua: ukimwambia mtu ana nakala mbili za hatari, unamwongezea nini zaidi ya kupima shinikizo na mkojo, ambavyo angepaswa kupimwa hata hivyo? Seli mundu nayo kipimo chake cha elektroforesisi ni rahisi mno, huhitaji jenomu kuijua.

Ila nakubali sehemu moja. Kwenye kipimo cha watatu, baba, mama na mtoto, ikionekana wazazi wote wawili wamebeba seli mundu, kila ujauzito una nafasi moja kati ya nne. Hilo kulinyamazia kwa sababu "halimo kwenye orodha" sioni linavyotetewa.

#17 Maskati_Kwetu

Salaam kutoka Maskati. Huku Oman G6PD pungufu iko kwa karibu robo ya wanaume, na ndoa za binamu ni nyingi. Yanayosumbua familia ni magonjwa yanayohitaji nakala mbili, na hayo orodha ya ACMG inayagusa kidogo. Wenzetu wa pwani ya Afrika Mashariki wenye koo moja nasi watakuwa na hali inayokaribia hiyo.

#18 Bint_Lamu

Umegusa jambo, ami. Ndoa za binamu zenyewe zinaonekana kwenye data, na hakuna aliyelitaja hapa. Mtoto wa binamu wa kwanza anatarajiwa kuwa na sehemu ndefu zilizofanana pande zote mbili kwa kama asilimia 6.25 ya jenomu. Kwa koo zilizooana vizazi vingi hupanda zaidi. Hilo si siri wala aibu kwetu, wazazi wanalijua. Mliandike kwa upole na kwa faida: linaelekeza kutafuta ugonjwa wa nakala mbili.

Lakini ikifika karibu asilimia 25, hiyo inaashiria wazazi ni ndugu wa tumbo moja au mzazi na mwana. Kama mama ni binti mdogo, hiyo ni jinai. Maabara inafanya nini?

#19 WakiliWaTaarifa

Maabara haiandiki tuhuma. Inampigia daktari aliyeagiza, inamweleza kiwango na maana zake zote, na yeye ndiye anayejua umri wa mama. Kama ni mtoto, wajibu wa kumlinda unatangulia siri, na ustawi wa jamii wanaitwa. Maneno ya ripoti yabaki ya kitaalamu.

Kuhusu baba kutokuwa mzazi: Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kipimo cha uzazi kina njia zake rasmi, ikiwemo mahakama na ustawi wa jamii. Kipimo cha kifafa hakijawa kipimo cha uzazi kwa sababu tu data inaonesha. Chama cha Marekani cha Jenetiki ya Binadamu kilishauri 2015 kwamba kwa kawaida hili lisitolewe, isipokuwa faida ya kitabibu iko wazi. Kilicho muhimu ni ridhaa iseme mapema kwamba uhusiano wa damu unaweza kuonekana na hautaripotiwa.

Na data yenyewe: Kenya, kwa sheria ya 2019, na Tanzania, kwa sheria ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, zote zinaziweka taarifa za vinasaba kwenye kundi nyeti. Sampuli ikienda kusomwa nje ya nchi, fomu itaje nchi, nani anahifadhi na kwa muda gani.

#20 MsomaVCF

Wakili, kiutendaji hili linaanza kwetu. Programu hupima undugu kabla ya uchambuzi wowote, na baba asiyelingana huonekana kwa maelfu ya mahali ambapo mtoto ana herufi isiyotoka kwa mzazi yeyote. Dhana ya kwanza iwe mirija imebadilishana. Angalia jinsia kwenye data, angalia lebo, omba sampuli mpya ya wote watatu bila kueleza zaidi. Ikibaki vilevile, chambua mtoto na mama peke yao na ripoti iandikwe hivyo.

Ugumu upo hapa: kwenye mfano wa #1 BRCA2 "imetoka kwa baba". Kama baba si mzazi, basi BRCA2 haijatoka kwake, na kumwambia yuko salama au yuko hatarini bila sampuli yake mpya ni kosa la kitabibu. Ndiyo maana pendekezo la #6, la kumpima baba kwa faili lake, linabeba mengi kuliko linavyoonekana.

#21 Mapigo_Sitini

Nirudi kwa @Pingamizi. TTR, ambayo badiliko lake V122I hufanya protini igande kwenye moyo, iliongezwa 2022. Asilimia 3 hadi 4 ya Wamarekani weusi wana badiliko hilo, asili yake Afrika Magharibi, na wengi walio nalo hawaugui hadi uzeeni, au hawaugui kabisa. Anayeugua anahitaji skani ya tekneshiamu na dawa ya bei kubwa mno. Hiyo nakubaliana nawe: "kuna hatua ya kuchukua" ni kauli inayotegemea uko wapi. RYR1 ina hatua Dodoma na ina hatua Boston. TTR haina hatua sawa.

#22 Pingamizi

Hapo tumekaribiana. Basi tupange kwa kigezo cha hatua iliyopo mkoani, si kwa jina la jeni.

#23 Onko_Mashariki

Na bado siwezi kukubali "msifungue" iwe kanuni. Mtoto aliyechelewa kukua, kipimo kinaonesha kipande cha kromosomu 13 kimefutika, na ndani ya kipande hicho imo RB1. Hukuitafuta, ilikuwa ndani ya jibu lenyewe. Huyo macho yake yakaguliwe wiki hiyohiyo na yarudiwe kwa ratiba utoto mzima, kwa sababu uvimbe wa retina ukikamatwa mapema jicho linaokolewa. Chujio la jeni za kifafa halikukingi na kipande kilichofutika pamoja na jirani zake.

#24 Kliniki_ya_Watoto

Nawashukuru wote. Nimekusanya yaliyosemwa nikaandika maneno ya fomu, yakosoeni:

"Kipimo hiki kinatafuta sababu ya ugonjwa wa mtoto. Pamoja na hilo, tunaweza kutazama jeni nyingine zinazoonesha hatari ya ugonjwa mwingine wenye kinga au tiba. Kati ya watu 100, mmoja hadi wanne hukutwa na jambo la aina hii. Unaweza kukubali au kukataa, na kukataa hakubadilishi matibabu ya mtoto. ☐ Nijulishwe yanayohitaji hatua utotoni. ☐ Nijulishwe yanayonihusu mimi mzazi. ☐ Nijulishwe ya ukubwani yanayomhusu mtoto. Kutokutwa na kitu hakumaanishi hakuna hatari. Uhusiano wa damu hautaripotiwa. Mabadiliko yasiyojulikana maana yake hayataripotiwa nje ya ugonjwa wa mtoto."

#25 MaabaraUsiku

Ongeza mstari: "Maana ya badiliko inaweza kubadilika. Data itachambuliwa upya ukiomba, si chini ya miezi 12 baada ya ripoti ya kwanza." Bila hivyo kila mmoja atadhani mwenzake ndiye atakayepiga simu. Na chukueni namba mbili za simu, laini hubadilishwa.

#26 Mnasihi_Ukoo

Kisanduku cha kwanza nisingekifanya cha hiari, kwa sababu ya RB1 ya #23. Cha tatu ningekiondoa kabisa. Mtoto ana haki ya kuamua akiwa na miaka 18 kama anataka kujua BRCA2 yake.

#27 Onko_Mashariki

Ukiondoa cha tatu umekiondoa cha pili, dada. Eksomu ikiwa ya mtoto peke yake, baba hajapimwa, njia pekee ya kufika kwa baba ni kupitia matokeo ya mtoto.

#28 Mnasihi_Ukoo

Si lazima. Wape wazazi kipimo chao cha BRCA2 kama wazazi, faili la mtoto libaki tupu upande huo.

#29 Pingamizi

Na mzazi akipimwa BRCA2 peke yake bila historia yoyote ya ukoo, atauliza kwa nini imechaguliwa hiyo moja kati ya jeni 84. Mtamjibu nini bila kumwambia ya mtoto?